Sufuria Isiyolia

Ijumaa ni siku ya soko mpakani Mpondwe, na Ijumaa hiyo Ronah alirudi nyumbani Bwera na nyama ya ng'ombe iliyofungwa kwa jani la mgomba. Aliikata vipande, akaiosha, akaitia sufuriani pamoja na kitunguu na chumvi, akafunika. Juu ya nyumba fundi alikuwa akigongelea mabati ya mwisho, mabati mazuri ya rangi ya damu ya mzee. Maji yalipoanza kuchemka, nyama ililia.

Ililia kama ng'ombe anavyolia jioni akitaka kufunguliwa, mlio mrefu wenye mkwaruzo katikati. Fundi aliacha kugonga, akatazama chini kuona ng'ombe yuko wapi, hakumwona, akaendelea na kazi yake. Ronah alifunua. Nyama ilikuwa nyama. Akafunika tena, nayo ikalia tena, na iliendelea hivyo hadi ilipoiva, kisha ikanyamaza. Waliila na bundu, ugali wa muhogo, pamoja na mtoto wao Ronnie. Kambale, mumewe, alisema imezidi chumvi.

Asubuhi yake maziwa ya chai yalilia yalipopanda. Jumapili yalilia mayai. Jumatatu Ronah alinunua samaki wa ziwani Hamukungu, kwa kuwa samaki hana undugu wowote na ng'ombe, lakini samaki naye alipogusa mafuta ya moto alilia vilevile, kwa sauti ileile yenye mkwaruzo. Samli ililia kidogo tu, kama ng'ombe aliye ng'ambo ya mto.

Yudaya, jirani wa upande wa chini, alipita kuomba moto akasimama mlangoni kusikiliza.

"Mulinunua ng'ombe?"

"Hapana," Ronah alisema. "Ni samaki."

"Aa," alisema Yudaya, akachukua kaa lake la moto akaenda.

Ronah alikuwa ameitambua sauti ile tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ya Bihogo.

Bihogo alikuwa mtamba wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, na mwenyewe alikuwa Baluku, kaka mkubwa wa Kambale. Baluku alimnunua kwa wafugaji wa Hamukungu mwaka binti yake Tabisa alipoanza shule. Baluku alikuwa akipakia malori Hima, na alimwoa huko Aciro, msichana ambaye baba yake alitoka kaskazini kufuata kazi ya saruji. Walikaa chumba cha kupanga. Chumbani ng'ombe haingii, kwa hiyo Bihogo aliletwa Bwera, akafungwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya Kambale. Alipokuwa bado ndama aliteleza mteremkoni usiku, kamba ikamkaba shingo, na tangu hapo sauti yake haikuwahi kunyooka.

Baluku alikufa kwenye ajali ya lori, barabara ya Fort Portal. Siku ya mazishi ukoo ulikaa, ukasema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe ni wa Tabisa, azae, maziwa yauzwe, mtoto asome. Watu waliitikia. Kambale aliitikia kuliko wengine.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kali, na nyumba ya Kambale ilivuja kila chumba. Siku moja alimpigia simu Aciro, akamwambia kwamba ng'ombe amekufa kwa homa ya kupe. Aciro alilia kidogo kwenye simu, kisha akamshukuru Kambale kwa kujisumbua kumfukia.

Bihogo hakufukiwa. Aliuzwa kwa mchinjaji pale Mpondwe. Kambale, ambaye kazi yake ni kusaidia madereva kupitisha mizigo forodhani, siku hiyo alikuwa na lori mpakani, kwa hiyo aliyeshika kamba hadi sokoni ni Ronah. Ng'ombe hakumsumbua njiani hata kidogo, maana alimzoea. Mchinjaji alimpa Ronah ini kama zawadi ya kumleta mnyama mzuri. Alilipika, wakalila. Ini lenyewe halikusema kitu.

Basi kila kilio kilipotoka jikoni, Ronah alihisi kamba ile ikimkwaruza kiganjani. Alifuta mkono kwenye kitenge, akaendelea kukoroga.

Ndipo Aciro alipopiga simu kusema kwamba Jumamosi ijayo atakuja kwenye maombi ya kumkumbuka marehemu. Kambale alipata habari hizo akiwa anavua viatu.

"Hiyo siku usipike kitu inalia," alisema.

"Kila kitu inalia."

"Maharage inalia?"

"Hapana."

"Pika maharage."

Ronah alikaa chini. "Mama Tabisa iko mukubwa wangu," alisema. "Ni bibi ya kaka yako mukubwa. Atoke Hima kuja kuombea bwana yake, mimi nimuwekee maharage kama ya kila siku? Watu watasema nini?"

Kambale alifikiri. Watu wangesema. Mgeni wa namna hiyo anachinjiwa, au angalau anapikiwa nyama ya sokoni, na anayempa maharage anamwambia jambo bila kulitamka. "Tafuta kitu ya wageni," alisema mwishowe. "Kitu muzuri. Lakini isiwe na pesa mingi, na isilie."

Ronah alikwenda kwa Yudaya. Yudaya alikuwa na kibanda mpakani, alikowapikia wapagazi wanaovusha mizigo, na wapagazi wanataka chakula kinachoshibisha kisichomaliza mfuko. Ronah hakumweleza sababu. Alisema tu kwamba anataka chakula cha wageni kisicho na nyama, wala samaki, wala maziwa, wala samli, wala yai.

Yudaya hakuuliza. Ukuta wa jiko lake na wa jiko la Ronah ulikuwa mmoja.

"Pika makaroni," alisema. "Ile ya nyuzi murefu. Sufuria moja tu, makaa kidogo."

Siku ya pili alikuja mwenyewe kumwonyesha. Alitia mafuta ya mawese kidogo, akakaanga vitunguu hadi vikalainika, akaongeza kitunguu saumu na karoti aliyoikata vijiti vyembamba. Nyanya alichagua zile zilizoiva mpaka zikapondeka, ambazo wauzaji huziuza kwa bei ya kutupa soko linapofungwa. Ziliporojeka alivunja makaroni mara mbili kwa mikono yake, akayalaza humohumo juu ya nyanya, akamwaga maji hadi yakayafunika kwa unene wa kidole.

"Mama Ronnie, angalia hapa. Watu benyi banachemsha makaroni peke yake, halafu banamwaga mayi. Wewe usimwage. Ile mayi ndiyo muchuzi."

Alipunguza makaa, akawa anakoroga chini ili yasishike. Maji yalipokaribia kukauka alikoroga karanga iliyosagwa katika kikombe cha maji ya moto, akaimimina, na mwisho akatia chumvi na mafungu mawili ya dodo, yaani mchicha, iliyokatwa. Rojo ikawa nzito, nyekundu, yenye kung'aa.

Ronah aliinama, akaweka sikio karibu na mfuniko. Alisikia maji yakitokota. Alikaa hivyo muda mrefu, mvuke ukimlowesha shavu, na hakusikia kitu kingine.

"Hailii," alisema.

"Itawezaje kulia?" alisema Yudaya. "Haina mama."

Ronah aliona faraja ikimshuka kifuani, na papo hapo akaionea haya. Alimpakulia Yudaya sahani iliyojaa, akamshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi Aciro alifika na gari la asubuhi, amevaa gauni jeusi la gomesi, kapu mkononi. Tabisa alikuwa amebaki Hima kwa mitihani. Mchungaji Byamugisha aliongoza maombi kaburini, nyuma ya migomba, akasema maneno mazuri juu ya ndugu wanaotunza vya marehemu. Kambale aliinamisha kichwa. Ronah alitazama vidole vya miguu yake.

Walirudi nyumbani kula. Ronah alimkalisha Aciro kwenye kiti chenye mto, akapiga magoti kumnawisha, akaleta makaroni katika bakuli la wageni. Mchungaji aliongeza mara ya pili, kisha mara ya tatu.

"Hii umepika na nini?" Aciro aliuliza. "Tamu sana. Mimi nilifikiria iko nyama ndani."

"Ni karanga tu, Mama Tabisa. Na dodo."

"Utanifundisha. Tabisa anapenda kitu kama hii." Kisha akamgeukia Kambale. "Na wewe, Baba Ronnie, sikusahau. Ile siku ya Bihogo ulihangaika peke yako na shimo, kwa mvua. Mungu akubariki."

"Ni kazi ya ndugu," Kambale alisema.

Ronah alianza kukusanya sahani ingawa watu walikuwa bado wanakula.

Aciro aliinuka, akachukua kapu lake, akatoa mfuko wa maziwa. "Nimeleta ya chai. Siwezi kuja mikono mitupu."

"Chai ya rangi iko tayari," Ronah alisema haraka.

"Mimi huwa natumia ya maziwa," alisema Mchungaji Byamugisha, akijipangusa midomo.

Ronah alipokea mfuko ule kwa mikono miwili, akaenda nao jikoni. Alisimama na maziwa hayo mbele ya moto. Angeweza kuyaangusha. Angeweza kusema yameharibika, maana safari ni ndefu na jua lilikuwa kali. Alikuwa bado amesimama hivyo Aciro alipoingia, akamchukulia mfuko mkononi taratibu, akaukata kwa meno kwenye pembe na kuyamimina sufuriani.

"Pumzika, mwenzangu," alisema. "Umefanya kazi tangu asubuhi."

Maziwa yalipata moto. Ukingoni palitokea povu jembamba, kisha maziwa yakaanza kulia.

Aciro hakuruka wala hakurudi nyuma. Alisimama na kijiko mkononi, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa barabarani. Mlio ulipanda, ukafika kwenye mkwaruzo, ukashuka.

"Ni Bihogo," alisema.

"Ndiyo," alisema Ronah.

"Analia hapa siku zote?"

"Nikipika kitu ya mnyama. Nyama, maziwa. Hata samaki."

Aciro alipunguza moto ili maziwa yasimwagike. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe kule kwetu," alisema. "Homa ya kupe mimi najua. Ng'ombe ya kupe inalala tu. Inakufa kimya. Hii haikulala, Mama Ronnie. Hii ilikufa imesimama."

Ronah alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamepangana, kamba na mchinjaji na ini. Alichosema ni: "Mimi sijui. Uliza Baba Ronnie."

Aciro aliyachukua maziwa, yakiwa bado yananung'unika, akaenda nayo sebuleni, akayachanganya na chai ya rangi, akammiminia kila mtu. Chai katika kikombe cha mchungaji ilitoa mlio mfupi, naye akaipuliza kuipoza.

"Baba Ronnie," alisema Aciro, "Bihogo alikufa namna gani?"

Kambale aliweka kikombe chini. "Ile ng'ombe ilikuwa ya ukoo," alisema.

"Sijauliza ya nani. Nimeuliza alikufa namna gani."

"Alikuwa anakula majani ya nani? Mteremko ni ya nani? Nani alikuwa anamupeleka maji?" Alisema hayo bila kupandisha sauti, kama anavyosema na madereva. "Nyumba ilikuwa inavuja. Mama Ronnie alikuwa anaweka mabeseni mpaka kitandani."

Aciro aliinua macho, akatazama mabati. Alianzia upande wa mlango, akayafuata hadi ukutani, hakuharakisha.

"Leo ni siku ya marehemu," Mchungaji Byamugisha alisema baadaye. "Tusiiharibu." Akaomba sala fupi ya kufunga, akashukuru kwa chakula na kwa mikono iliyokiandaa.

Jioni Ronah alimfungia Aciro makaroni yaliyobaki katika kopo la plastiki, ampelekee Tabisa. Aciro aliyapokea, kwa kuwa mtoto hana kosa. Ronah alimsindikiza hadi barabarani. Njia nzima alikuwa akitafuta pa kuanzia, na kila alipopapata, bodaboda ilipita ikipiga honi. Gari lilipokuja alisema, "Usalimie Tabisa."

Wiki iliyofuata Aciro alirudi, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo alikuja mwenyewe nyumbani kwa Kambale kusikiliza. Alitaka maziwa yachemshwe mbele yake, kisha akataka yachemshwe mengine, asije akadanganywa na yale ya kwanza. Alikiri kwamba sauti aliisikia vizuri, na kwamba hata yeye alimkumbuka ng'ombe huyo. Lakini, alisema, hakuna aliyeona akiuzwa. Alimgeukia Ronah.

"Wewe uliona kitu, mama?"

Kambale alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba ya kiatu. Ronah alitazama sufuria.

"Sikuona," alisema.

"Basi," mwenyekiti alisema. "Ng'ombe mwenyewe hawezi kuwa shahidi kwa kesi yake." Alimpa Aciro pole, akamshauri Kambale amsaidie mjane kadiri atakavyojaliwa. Kambale alisema atajaliwa.

Maisha yaliendelea. Nyumba ya Kambale ikawa nyumba ya makaroni, na ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa karanga, na ya maharage. Mwanzoni Kambale alinuna, akawa anakula nyama mpakani kwa siri kabla ya kurudi, mpaka siku moja tumbo lake lilipolia mbele ya ofisa wa forodha, mlio mrefu, wenye mkwaruzo katikati. Ofisa aligonga muhuri akamwambia ampeleke ng'ombe wake malishoni. Tangu hapo Kambale alikula nyumbani. Baadaye alianza kuwaambia madereva kwamba kwake watu wanakula chakula safi, na kwamba presha yake imeshuka, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Wanawake nao walisikia habari za makaroni. Makaa yalikuwa yamepanda bei, na chakula cha sufuria moja kilikuwa na maana kwa kila mtu. Kipindi cha Kwaresima Mchungaji Byamugisha alimwomba Ronah awafundishe akina mama wa kanisa, nao wakaketi kwenye nyasi na sahani zao, na Ronah akawaonyesha jinsi ya kuvunja nyuzi na kwa nini maji hayamwagwi. Mchungaji alisimama akasema kwamba huyu ndiye mwanamke mwenye akili, anayelisha nyumba yake bila kumwaga damu ya kiumbe chochote. Akina mama walipiga makofi. Ronah alikoroga chini ya sufuria, ingawa hapakuwa na kitu kilichoshika.

Aciro hakuacha kuja. Alianza biashara ndogo ya vitenge, na siku za soko alipofika Mpondwe alipita Bwera kabla ya kurudi Hima. Alinunua maziwa njiani. Aliingia jikoni kwa Ronah, akasalimia, akakaa kwenye kigoda. Ronah alimwashia moto, akamtengea sufuria ndogo, na Aciro aliyabandika maziwa yake akasikiliza. Yalipoiva na kunyamaza aliyaacha palepale, akaaga. Hakuwahi kuyanywa. Ronah alimkaribisha chakula kila mara, naye kila mara alijibu kwamba ameshiba. Kambale aliambiwa, akasema haina neno, maana maziwa ni yake mwenyewe, na makaa ni kidogo.

Likizo ya mwezi wa nane Aciro alikuja na Tabisa. Msichana alikuwa amerefuka, na paji la uso lilikuwa la Baluku kabisa. Shule alikuwa ameiacha muhula uliopita, ili amsaidie mama yake kubeba vitenge. Alimpigia magoti Ronah, mama yake mdogo, kumwamkia, akakaa kando ya moto. Maziwa yalianza kulia. Tabisa aliyatazama, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amefumba macho, kisha akamgeukia Ronah.

"Mama mdogo, huyu anataka nini?"

Aciro alifumbua macho. Alimwachia Ronah swali lile, akangoja pamoja na mtoto.

Ronah alifuta mkono kwenye kitenge. Moto ulikuwa umeshika vizuri, na nje Kambale alikuwa akipiga simu, akicheka na mtu.

"Maziwa ikichemuka sana inafanya hivyo," alisema. "Ni kawaida."

"Eeh, mama mdogo," alisema Tabisa kwa adabu.

Maziwa yakaendelea kulia. Ronah akaongeza makaa, akawauliza kama watakula.